Chini ya Sketi ya Kivictoria Kuna Nini?

Mteja alinijia na simu mkononi. Alitaka nimshonee gauni la sendofu, "la Kivictoria, kama hili hapa". Picha ya kwanza: gauni limetanuka pande zote kama kengele, na mvaaji anaonekana kiuno na kichwa tu. Akasogeza kidole. Picha ya pili: mbele gauni limenyooka kama kanzu, nyuma limebinuka kiasi kwamba ungeweza kuweka kikombe cha chai juu yake. Nikamuuliza anataka lipi. Akanishangaa. "Si yote ya Kivictoria?"

Ndiyo, yote. Ila Malkia Victoria alikalia kiti cha enzi cha Uingereza tangu 1837 hadi 1901. Ni sawa na kuchukua kila nguo iliyovaliwa na wanawake wa Dar es Salaam tangu uhuru mpaka leo, ukaifunga kwenye furushi moja na kuipa jina moja. Gauni la kengele ni la kama 1858. Lile la kubinuka nyuma ni la kama 1885. Aliyevaa la kwanza angeweza kuwa mama mzazi wa aliyevaa la pili, na ninavyowajua mabinti, yule wa pili angemcheka mama yake.

Kinachowachanganya watu ni kwamba wanaitazama sketi, na sketi yenyewe haina umbo. Ivue uitundike kwenye msumari, italala kama pazia. Umbo lote liko chini yake, kwenye nguo ambazo hazikutakiwa kuonekana. Kwa hiyo anayetaka kuyaelewa magauni haya aanzie kwenye ngozi, halafu apande tabaka kwa tabaka.

Vazi la kwanza kabisa ni shimizi. Neno hili tunalo, na wengi wetu tunalo vazi lenyewe kwenye kabati. Asili yake ni Kifaransa, likapitia kwa Waingereza mpaka likatufikia. Shimizi la enzi ile halikuwa la kuteleza kama yetu ya nailoni. Lilikuwa la pamba au kitani, pana, mikono mifupi, linafika magotini, na mkato wake ni vipande vilivyonyooka ambavyo mwanafunzi wa cherehani angevimaliza mchana mmoja. Kazi yake ilikuwa kunyonya jasho. Gauni la hariri au la sufu halikutiwa majini: rangi ingechuja, bitana ingejikunja, na mapambo yangeharibika. Lilipigwa brashi, likaondolewa madoa kwa mkono, likarudishwa kabatini. Kilichofuliwa kwa sabuni, kikachemshwa na kupigwa pasi, ni nguo za ndani. Mwenye uwezo alikuwa na mashimizi kwa dazeni na magauni machache. Ukisikia mtu anasema watu wale walikuwa wachafu kwa kuwa hawakufua magauni, mwambie aulize kwanza kilichokuwa chini.

Kisha ikaja suruali ya ndani, na hapa ndipo wateja wangu huacha kuongea.

Miaka ya 1800 ilipoanza, wanawake wengi wa Uingereza hawakuvaa chochote cha kutenganisha miguu chini ya shimizi. Suruali ilikuwa ya mwanamume, basi. Ilipoanza kukubalika ndani ya sketi, ilishonwa kwa namna ambayo leo ungedhani fundi alisahau: kila mguu peke yake, miwili ikaunganishwa kwenye mkanda wa kiuno tu, na katikati, kuanzia mbele hadi nyuma, wazi. Si tundu dogo la kupitisha mkono. Wazi kabisa. Mwaka 2008 suruali ya ndani ya Malkia Victoria mwenyewe iliuzwa mnadani huko Derbyshire. Kiuno chake kilikuwa inchi 50, nayo ilikuwa ya mtindo huohuo.

Kwa nini? Jaribu kuivaa akilini. Mkanda wa suruali umefungwa kiunoni. Juu yake kuna koseti, vazi gumu la kubana kiwiliwili, iliyokazwa kwa kamba. Juu ya koseti kuna mikanda ya magagulo matatu au manne, kila mmoja na fundo lake, halafu mkanda wa sketi yenyewe. Sasa umebanwa na haja ndogo. Suruali iliyofungwa ingekulazimu ubomoe nyumba nzima kuanzia paa ndipo uishushe. Iliyo wazi, unakusanya sketi kwa mikono miwili, unachuchumaa, umemaliza. Na kwa kuwa shimizi lilishuka hadi magotini, hakuna kilichoonekana. Mimi kama fundi naliona hili kuwa jibu safi la tatizo la kweli. Aliyeacha mshono ule wazi hakuwa mzembe wala hakuwa na nia mbaya. Iliyofungwa ilikuja kuzoeleka baadaye, karne ikielekea ukingoni na magagulo yakipungua.

Soksi ndefu na viatu vilivaliwa kabla ya koseti, kwa sababu baada ya hapo kuinama ni shughuli nyingine.

Koseti ndiyo imebeba uongo mwingi kuliko vazi lolote. Utasikia kwamba wanawake walikuwa na viuno vya inchi 16, na kwamba walikatwa mbavu hospitalini ili wapungue. La mbavu halina ushahidi wowote, na hebu fikiri: sehemu kubwa ya enzi ile, kumpasua mtu ilikuwa kumweka kwenye hatari ya kufa kwa kidonda kuoza. Nani angelipia hilo kwa ajili ya dansi? La viuno linapimika. Kule Leicestershire kumehifadhiwa koseti nyingi za kiwanda cha Symington, na nyingi kati yake ni za inchi 20 hadi 26. Tena hicho ni kipimo cha koseti ikiwa imefungwa mpaka pande mbili zikagusana. Mvaaji aliacha mwanya mgongoni, kwa hiyo kiuno chake kilikuwa kipana kuliko tepu inavyosema. Walikuwepo waliojibana kupita kiasi, na madaktari waligombana juu yao kwa miaka mingi. Ila sehemu kubwa ya kiuno chembamba unachokiona pichani ni kiini macho: sketi pana chini, mabega yaliyotanuliwa juu, na chochote utakachoweka katikati kitaonekana kama cha nyigu.

Siitetei koseti. Nasema tu kwamba ilikuwa na kazi. Iliinua matiti, maana sidiria haikuwepo, na ilibeba uzito. Mikanda minne au mitano ya magagulo ikifungwa juu ya nyama tupu inakata ngozi. Ikifungwa juu ya koseti, mzigo unasambaa. Mbele ilikuwa na vyuma viwili vya kunasana kwa vishikizo, kwa hiyo hata msichana wa kazi asiye na wa kumsaidia aliweza kuivaa peke yake kabla ya alfajiri akawashe moto wa bosi wake. Ndani ya mishono yake mlikuwa na kamba nzito, chuma, au kile kinachoitwa mfupa wa nyangumi, ambacho wala si mfupa. Ni zile sahani ngumu zilizo kinywani mwa nyangumi, anazochujia chakula, na zimeumbwa kwa kitu kilekile cha kucha zetu.

Haya, sketi.

Mwanzoni mwa enzi hiyo upana ulipatikana kwa njia ya kizee: kurundika. Gagulo la sufu karibu na mwili kwa ajili ya baridi, juu yake la pamba lililotiwa wanga likakauka kama kadibodi, jingine lenye safu za kamba zilizoshonewa ndani ya kitambaa, jingine tena. Magagulo sita hayakuwa ajabu. Kulikuwa na la singa za farasi zilizofumwa pamoja na kitani, na jina krinolini limetoka hapo: ni maneno ya Kifaransa ya singa na kitani yaliyogandishwa. Upana ukiongezeka, unaongeza gagulo. Kiangazi kikija, unatokwa jasho. Mvua ikinyesha, nguo zinakunywa maji na kukuvuta chini, huku miguu ikijisokota ndani ya vitambaa kama mtu aliyenaswa kwenye wavu.

Mwaka 1856 ilisajiliwa huko Paris hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ya kitu kingine. Chukua chandarua cha duara, kile kinachoning'inizwa darini kikiwa na pete juu. Sasa weka pete nyingi, ndogo juu na kubwa chini, zote za chuma chembamba cha springi kilichovishwa kitambaa, zikining'inia kwenye tepe kutoka mkanda wa kiunoni. Hiyo ndiyo krinolini ya chuma. Magagulo manne au matano yalitupwa siku hiyohiyo, yakabaki moja au mawili juu ya pete ili zisijichore kwenye sketi. Kifaa chenyewe ni chepesi, na miguu kule ndani iko huru kabisa, inatembea hewani.

Hapa ndipo nakosana na wale wanaoiita gereza la wanawake. Kwa macho ni kizimba, tena kinafanana sana na tenga la kuku. Kwa aliyekuwa amebeba magagulo sita, kilikuwa nafuu. Ndiyo maana kilienea kama moto wa nyika, kuanzia kwa Eugénie, mke wa mfalme wa Ufaransa, hadi kwa wafanyakazi wa ndani na wasichana wa viwandani. Viwanda vya chuma vilipata soko jipya. Ukoo wa Peugeot, kabla haujawaza gari, ulikuwa ukitengeneza vyuma vya krinolini. Wachora vibonzo wa London hawakulala.

Wakati huohuo, Agosti 1858, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alisimama Mwanza akalipa ziwa letu jina la malkia wake. Huko kwao malkia na raia wake walikuwa ndani ya pete.

Kuketi kuliwezekana kwa sababu pete hulaliana, moja juu ya nyingine, kama chandarua kinapokunjwa. Ila lazima ujue kuketi. Ukikalia pete ya nyuma, ya mbele inapaa usoni. Bibi harusi yeyote aliyekodi shela lenye waya chini anajua ninachosema. Na upepo nao ulikuwa na mambo yake, na kuruka ua vilevile. Mwaka 1859 Duchess wa Manchester, mwanamke mkubwa wa kasri, alikuwa akiruka kizuizi cha ua akiwa mbioni kwenye mchezo wa kufukuzana mashambani. Pete ikanasa, akapinduka kichwa chini miguu juu, na waliokuwepo wakaona suruali yake ya ndani: nyekundu, ya drafti. Habari ilitufikia kwa sababu mwanamke mwenzake wa kasri aliiandika kwenye barua. Utaona basi jinsi mambo yanavyofungamana: krinolini ndiyo iliyofanya suruali ya ndani iwe ya lazima. Magagulo sita hayapeperuki. Pete hupeperuka.

Ubaya wake wa kweli ulikuwa moto. Nchi ya baridi, kila chumba kina meko ya wazi, na mwanamke amevaa kitambaa chepesi kilichotanuka mbali na mwili wake, hewa imejaa chini. Akigeuka, ukingo wa sketi unafika mahali ambapo yeye mwenyewe hajafika. Hahisi. Na ikishika, hawezi kujiviringisha wala kuvua haraka. Florence Nightingale, muuguzi maarufu, aliilaani kwa sababu hiyo, na akaongeza kwamba mchakacho wake wodini unamuumiza mgonjwa kuliko dawa zinavyomponya. Tarehe 8 Desemba 1863 kanisa la wajesuiti huko Santiago, Chile, liliungua likiwa limefurika waumini. Walikufa watu zaidi ya 2,000, wengi wao wanawake. Watu walirundikana milangoni mpaka njia ikaziba, na zile sketi pana zilitajwa miongoni mwa vilivyowazuia kutoka.

Kuna mtu wa kwetu aliyeingia katika mavazi haya kutokea nje kabisa. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alitoroka kisiwani mwaka 1866 ndani ya meli ya kivita ya Kiingereza, akafunga ndoa Aden mwaka 1867 na Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani, wakahamia Hamburg. Nguo alizokulia ni suruali ndefu hadi kwenye kifundo cha mguu na gauni lililonyooka juu yake. Fikiria: suruali kamili, iliyofungwa, ambayo kwa mwanamke wa Kiingereza ilikuwa jambo la kunong'ona, kwa binti huyu ilikuwa nguo ya kila siku tangu utotoni. Alikoenda alikuta koseti, pete na magagulo, na uso uliokuwa ukifunikwa barakoa ukabaki wazi. Kila upande ulikuwa na sitara yake, na ulishangaa sitara ya mwenzake.

Kufikia hapo kengele yenyewe ilikuwa imeshaanza kuhama. Miaka ya 1860 mafundi waliacha kukusanya vitambaa vya mraba kiunoni, wakakata vipande vyembamba juu na vipana chini, mbele kukawa bapa na upana wote ukasukumwa nyuma. Karibu 1868 pete za mbele zikaondolewa, ikabaki nusu ya nyuma. Kitambaa kingi kilichobaki bila kazi kikapandishwa, kikafungwa kwa tepe ndani, kikawa mafungu. Cha kukishikilia ndicho nitakachokiita basoli, kufuata jina lake la Kiingereza: kimto, au vyuma vilivyopindwa, au matabaka ya marinda magumu yanayofungwa kiunoni kwa nyuma. Anayecheka atazame kwanza taiti zenye sponji zinazouzwa Kariakoo.

Basoli ilikufa na kufufuka. Kati ya 1877 na 1882 hivi, gauni lilibana mwili hadi magotini, na ndani ya sketi kulikuwa na tepe zilizofungwa nyuma ya miguu ili mbele pakae bapa. Hatua zikawa fupi kama za mtu mwenye pingu. Nafasi ya matabaka haikuwepo, kwa hiyo shimizi na suruali vikashonwa kuwa vazi moja. Kisha 1883 basoli ikarudi kwa hasira, ngumu, imetokeza kama rafu, na hiyo ndiyo ya picha ya pili ya mteja wangu. Ilipofika 1890 ilikuwa imekwisha. Muongo wa mwisho ulikuwa wa sketi ya kushuka kwa kutanuka, na chini yake gagulo la hariri ngumu lililochakacha mwanamke anapotembea. Mchakacho huo ulikuwa sehemu ya vazi, kama bangili.

Kuna kitu kimoja kidogo kwenye sketi hizi ninachokipenda kuliko vyote. Ukigeuza upindo utakuta ukanda wa sufu wenye nywele fupi ngumu kama brashi, umeshonwa ukingoni kabisa, ukichungulia nje kwa unene wa uzi. Barabara zilikuwa za tope na mavi ya farasi. Ukanda ndio ulioburuzwa chini, si sketi. Ukichakaa, unafumua mshono mmoja unaweka mwingine, na gauni lililogharimu fedha nyingi linaendelea kuishi. Waliokuwa na mkia wa gauni waliongeza marinda ya pamba chini yake, yenye vifungo, ya kuvua na kufua.

Cherehani iliingia katikati ya haya yote. Isaac Singer alipata hataza yake mwaka 1851. Ungetegemea kazi ipungue. Mishono mirefu ya sketi ikawa ya dakika, na muda uliookolewa ukaliwa na marinda zaidi.

Mwaka 1881 wanawake wa London waliunda chama cha kudai mavazi yenye akili, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Lady Harberton. Walitaja kiwango: nguo zote za ndani za mwanamke, ukiacha viatu, zisizidi ratili 7, kama kilo 3.2. Kama 3.2 ndiyo ilikuwa kiasi, jiulize walikuwa wakibeba nini. Harberton mwenyewe alifika hotelini Ockham, Surrey, Oktoba 1898 akiwa juu ya baiskeli na suruali pana ya kufungwa magotini. Akakataliwa chumba cha kahawa, akaambiwa aende upande wa baa. Kesi ilifika mahakamani mwaka uliofuata, na upande wake ukashindwa.

Mteja wangu alichagua kengele. Nikamtengenezea pete sita za plastiki kwenye tepe, na kabla hajalipa salio nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki cha kibandani: shika pete ya nyuma kwa mikono miwili, inua, kalia shimizi, usikalie waya. Mara ya kwanza ya mbele ilipaa ikamgonga kidevu. Mara ya nne akaweza, ila fundi wa jirani alikuwa ameshaona magoti. Kwa hiyo tukaongeza suruali ya ndani ya pamba, ndefu, yenye lesi chini ya goti. Hiyo nimeifunga katikati.